Kasi ya kufikiri kwa mgonjwa wa MS: namna ya kuipima kwa karatasi, kalamu na saa

Mgonjwa wa multipo sklerosisi, ugonjwa wa ubongo na uti wa mgongo tuliozoea kuuita MS, akiingia chumba cha daktari hupimwa miguu. Ataambiwa atembee, asimame kwa mguu mmoja, afuate kidole kwa macho, na goti lake litagongwa kwa nyundo. Akitoka, faili limejaa, lakini hakuna aliyemuuliza kwa nini ameacha uhasibu ilhali bado anatembea bila fimbo. Hata mizani ya EDSS, aliyoitoa John Kurtzke mwaka 1983 na ambayo dunia nzima huitumia kupima ulemavu wa MS kuanzia 0 hadi 10, imeegemea sana kwenye kutembea. Mtu anaweza kuwa na alama 2, akapanda ngazi bila shida, na huku kazini hawezi tena kufuata kikao cha nusu saa.

Jambo hili lilionekana zamani. Katika karne ya 19, Jean-Martin Charcot wa hospitali ya Salpêtrière mjini Paris aliandika kwamba kumbukumbu ya wagonjwa hawa hudhoofika na mawazo yao huja polepole. Tafiti nyingi za baadaye zimekuta upungufu wa kufikiri au kukumbuka kwa asilimia 40 hadi 65 ya watu wenye MS, wakiwemo wengine walio katika miaka ya mwanzo kabisa ya ugonjwa.

Mwongozo huu ni wa daktari, tabibu, muuguzi, mwanasaikolojia na mtaalamu wa tiba kwa vitendo anayefanya kazi mahali ambapo hakuna mtaalamu wa kupima utambuzi, yaani uwezo wa kufikiri na kukumbuka. Ndugu wa mgonjwa naye akiusoma atafaidika, hasa kwa kujua maswali ya kuuliza kliniki. Kama kuna jambo moja la kushika hapa, ni hili: pima mapema, mgonjwa akiwa bado yuko vizuri, ili baadaye uweze kumlinganisha na yeye mwenyewe.

Jua unachotafuta

MS kwa kawaida haimnyang'anyi mtu lugha wala maarifa yake. Anaongea vizuri, anamjua waziri mkuu ni nani, anakumbuka harusi ya dada yake ya miaka kumi iliyopita. Ndiyo maana tunapitwa. Kinachoguswa kwanza mara nyingi ni kasi: swali linaingia, jibu analo, lakini linachelewa kutoka. Kinachofuata ni kujifunza jambo jipya na kulikumbuka baadaye, liwe la kusikia au la kuona. Kisha kupanga hatua za kazi, kubadilisha kutoka kazi moja kwenda nyingine, na kuokota neno haraka katikati ya maongezi.

Sababu ni ya kimwili. MS hubandua mielini, utando unaofunika nyuzi za neva na kuharakisha taarifa zinazopita humo. Huharibu pia nyuzi zenyewe na sehemu za ndani za ubongo kama thalamasi, ambako njia nyingi hukutana. Taarifa zinafika, ila kwa kuchelewa.

Kwa hiyo usitumie kipimo kilichotengenezwa kwa ajili ya shida nyingine. MMSE ya mwaka 1975, ile ya alama 30 inayouliza leo ni siku gani na tuko wilaya gani, ilitengenezwa na watu waliokuwa wakiwaza magonjwa kama ya kusahau ya uzeeni. Mgonjwa wa MS anaweza kupata 29 au 30 na bado akawa ameshindwa kazi. Nimesoma faili nyingi zilizoandikwa "utambuzi: sawa" kwa sababu hiyo tu, na kila ninapoziona naumia, kwa kuwa sentensi hiyo huja kutumika mbele ya mwajiri.

Chagua siku na saa

Mapendekezo ya wataalamu yaliyotolewa mwaka 2018 kwa uratibu wa chama cha MS cha Marekani yanasema mgonjwa apimwe mwanzoni, akiwa ametulia, kisha arudiwe kila mwaka kwa kipimo kilekile, awe mtu mzima au mtoto wa kuanzia miaka 8. Anayelalamika apimwe bila kusubiri mwaka ufike.

Kutulia maana yake hayuko katikati ya shambulio jipya (dalili kuibuka au kuzidi ghafla) na hajatoka juzi kwenye dozi kubwa ya steroidi, dawa ya kutuliza shambulio. Mpe takriban mwezi. Shambulio lenyewe linaweza kushusha alama na zikapanda baadaye, na ukilifanya ndilo kipimo cha mwanzo, miaka yote itakayofuata utakuwa unasoma vibaya.

Weka miadi asubuhi. Uchovu wa MS huongezeka kadiri siku inavyokwenda, na joto huwazidishia wengi dalili kwa muda, jambo lililopewa jina la daktari wa macho Wilhelm Uhthoff. Chumba cha Dar es Salaam au Mombasa mwezi wa pili, saa nane mchana, bila feni, kitakupa alama za joto badala ya alama za ubongo. Mgonjwa aliyesafiri usiku kucha kwa basi kutoka mkoani apumzike kwanza. Kama lazima apimwe siku hiyo, andika kwamba amesafiri.

Zungumza naye, kisha zungumza na anayeishi naye

Usiseme "leo tunakupima akili". Mtu akisikia hivyo anawaza Mirembe au Mathari, hospitali za wagonjwa wa akili, anajikaza au anafunga mdomo kabisa. Sema: "Ugonjwa huu wakati mwingine hupunguza kasi ya kufikiri na kukumbuka. Tunampima kila mgonjwa wetu, kama tunavyopima presha." Hiyo ni kweli, na inamwondolea aibu.

"Unasahau?" ni swali la bure, sote tunasahau. Uliza mambo yenye sura. Je, anapoteza mlolongo wa maongezi watu watatu wakiongea pamoja? Amewahi kutuma pesa kwa simu kwenye namba isiyo yake, au kutuma mara mbili? Akikatizwa anapopika, anarudi alipoachia? Akisoma ukurasa anaufikia mwisho akiwa hana alichoshika? Anapoteza hesabu ya rakaa au ya rozari kuliko zamani? Kazini kuna kitu alichokuwa akikimaliza saa moja na sasa kinamla asubuhi nzima? Na je, kuna kazi ambayo siku hizi mwenzake humfanyia kimyakimya?

Halafu, kwa ruhusa yake, ongea na ndugu au mwenza wake peke yake. Dodoso la MSNQ lenye maswali 15 lina fomu mbili kwa ajili hiyo, moja ya mgonjwa na moja ya mtu wa karibu. Linaonyesha jambo la kuzingatia sana: malalamiko ya mgonjwa mwenyewe mara nyingi huenda sambamba na sonona, na ya ndugu huwa karibu zaidi na matokeo ya vipimo. Mgonjwa mwenye sonona atasema kichwa kimekufa kabisa huku alama zake zikiwa nzuri. Mwingine ambaye kweli ameathirika anaweza kusema hana tatizo, kwa sababu kujichunguza nako kunahitaji ubongo uleule.

Nyumbani upungufu huu huwa umeshapewa majina. Anaitwa mvivu, mwenye dharau kwa kuwa hajibu upesi, au inasemwa kuna mtu amemchezea. Sikiliza bila kubeza. Maelezo ya ndugu yana taarifa za lini na vipi, na hizo ndizo unazohitaji.

Ondoa vinavyofanana nao

Hapa usifanye haraka. Alama ndogo haikuambii sababu yake, na baadhi ya sababu zinatibika mwezi huu huu.

Anza na sonona, ambayo ni ya kawaida mno katika MS. Tumia PHQ-9: maswali tisa kuhusu wiki mbili zilizopita, tayari yapo kwa Kiswahili na yametumika Kenya na Tanzania. Soma swali la tisa, la kutamani kufa au kujidhuru, kwa sauti ileile uliyosomea mengine, wala usiliruke kwa kuona haya. Akijibu ndiyo, acha kila kitu kingine ushughulikie hilo leo.

Pitia dawa zote, hata zile alizonunua dukani mwenyewe. Oksibutinini ya kibofu, amitriptilini ya maumivu, diazepamu, na baklofeni ikizidi kiasi, zote zinaweza kumpunguzia mtu kasi na kumbukumbu. Uliza kuhusu usingizi: anaamka mara ngapi kukojoa, anakoroma, miguu inamkaza usiku? Uliza maumivu, pombe na bangi. Kama hajapimwa karibuni, pima damu, tezi ya shingo, vitamini B12, sukari, VVU na kaswende.

Halafu macho, mkono na ulimi. MS hupenda neva ya jicho. Mpe maandishi madogo ayasome kwa miwani yake, macho yote mawili kisha moja moja. Asiyeona maumbo madogo vizuri atashindwa jaribio la alama na tarakimu nitakaloeleza hapa chini, na kosa halitakuwa la akili yake. Mkono unaotetemeka utamharibia jaribio la kuchora. Ulimi mzito utamchelewesha kutaja namba hata kama kichwani ameshamaliza. Hakuna kati ya haya linalozuia kupima; yote lazima yaandikwe pembeni mwa alama.

Jaribio la alama na tarakimu

Kama una dakika tano tu, fanya hili. Linajulikana kwa kifupi chake, SDMT, lilichapishwa na Aaron Smith mwaka 1973, na ndilo linaloshika vizuri zaidi kasi ya kufikiri katika MS. Fomu zake zinauzwa na zina mwenyewe, basi taasisi yako inunue. Usizipige picha na kuzisambaza kwenye makundi ya simu, maana jaribio likishazoeleka mtaani halipimi tena kitu.

Juu ya karatasi kuna ufunguo: alama tisa za maumbo, kila moja na tarakimu yake kuanzia 1 hadi 9. Chini yake kuna safu za maumbo yaleyale yaliyochanganywa, bila tarakimu. Mgonjwa anatazama umbo, analitafuta kwenye ufunguo, anataja namba. Kwa mgonjwa wa MS tumia njia ya mdomo: yeye anataja, wewe unaandika, ili udhaifu wa mkono usiingie kwenye hesabu.

Kaeni mezani, yeye akiwa na karatasi mbele yake na miwani usoni. Zima simu zote mbili. Ndugu asubiri nje, kwani wapo wanaonong'ona majibu kwa huruma. Kisha maelezo, taratibu:

"Dada, angalia huku juu. Kila alama ina namba yake. Huku chini kuna alama bila namba. Nitajie namba ya kila alama, moja baada ya nyingine, bila kuruka. Tujaribu hizi za kwanza pamoja."

Kumi za kwanza ni za mazoezi. Akikosea hapo, mrekebishe na urudie mpaka uone ameelewa. Maelezo yasiyoeleweka huharibu vipimo kuliko ugonjwa. Akishaelewa: "Sasa endelea kwa haraka uwezavyo mpaka nikuambie basi." Bonyeza saa. Sekunde 90. Katika muda huo usimpongeze, usimrekebishe, usigune. Akisimama, mwambie "endelea" tu. Saa ikitimia, mwambie basi, hata kama yuko katikati ya mstari.

Alama yake ni idadi ya majibu sahihi, kati ya 110, bila kuhesabu yale kumi ya mazoezi. Makosa yaandike kando. Anayekwenda polepole bila kukosea na anayekimbia huku akikosea wanaweza kupata alama moja, lakini hawana shida moja.

Kuna jambo letu sisi ambalo maelekezo ya Wazungu hayaligusi. Tarakimu za Kiswahili, moja hadi tisa, zina silabi mbili mbili. Za Kiingereza karibu zote zina silabi moja. Ndani ya sekunde 90 hilo linaweza kula majibu kadhaa. Na wengi waliosoma sekondari huhesabu kwa Kiingereza huku wakiongea Kiswahili. Mwache achague lugha iliyo nyepesi kwake, iandike, na mwaka ujao atumie hiyohiyo.

Kumbukumbu: ya sikio na ya jicho

Ukiwa na dakika 15, ongeza majaribio mawili upate BICAMS kamili, seti ndogo iliyopendekezwa na kamati ya kimataifa mwaka 2012 ikilenga hasa vituo visivyo na wataalamu wengi wala vifaa. La kwanza ni sehemu ya mwanzo ya CVLT-II: unamsomea maneno 16, takriban neno moja kwa sekunde, anataja anayokumbuka kwa mpangilio wowote, unarudia orodha hiyohiyo mpaka mara tano na kujumlisha, kwa hiyo kilele ni 80. La pili ni sehemu ya mwanzo ya BVMT-R: anaonyeshwa karatasi yenye michoro sita kwa sekunde 10, inafichwa, anaichora kutoka kichwani, kila mmoja mahali pake. Mara tatu, kilele 36.

La michoro halina lugha, ingawa mtu asiyezoea kalamu atakuwa nyuma. La maneno usilitafsiri mwenyewe jioni moja. Maneno yale yamechaguliwa kwa makundi, urefu na uzoefu wa watu wa huko. Tafsiri ya kubahatisha itakupa orodha nyepesi au ngumu kuliko ya asili, na alama zake hazitalingana na jedwali lolote. Kama huna toleo la Kiswahili lililoandaliwa kitaalamu, baki na SDMT na BVMT-R, na useme hivyo kwenye ripoti.

Kusoma alama bila kumdhulumu mtu

Utaratibu wa vitabuni ni huu: chukua alama ya mgonjwa, toa wastani wa watu wazima wa afya wa umri na elimu kama yake, gawanya kwa mkengeuko sanifu, yaani kiasi ambacho alama za watu hao kwa kawaida huachana na wastani. Tuseme, kwa mfano tu, wastani ni 52, mkengeuko 9, na mgonjwa amepata 37. Ukitoa unapata hasi 15, ukigawanya kwa 9 unapata takriban 1.7 chini ya wastani. Wengi huita upungufu pale mtu anaposhuka 1.5 au zaidi.

Taabu iko kwenye neno "kama yake". Majedwali mengi yanayokuja na fomu yametokana na watu wa Marekani na Ulaya. Kumpima kwayo mama aliyeishia darasa la saba Kigoma ni kumhukumu kwa shule aliyonyimwa. Na majedwali hayo yanaonea kwa upande wa pili vilevile: mhadhiri wa chuo kikuu aliyekuwa na 68 akishuka hadi 54, jedwali litasema yuko salama, na yeye anajua kabisa kuwa mihadhara imemshinda.

Ndiyo maana nasisitiza kipimo cha mwanzo. Mwaka jana alipata 54, mwaka huu 47, hali nyingine zote zikiwa sawa. Kwa jedwali la mfano wetu yumo ndani ya kawaida. Lakini ameshuka alama 7, na kushuka kwa alama 4 tu kwenye SDMT kumehusishwa kitafiti na watu kuyumba kazini. Ukiona hivyo, rudia baada ya wiki chache kuhakikisha, tafuta sonona na dawa mpya, kisha mwambie daktari wa mishipa ya fahamu aangalie kama ugonjwa unaendelea chini kwa chini na kama picha mpya ya ubongo ya MRI inahitajika. Kumbuka pia kwamba mtu hupanda kidogo kwa kuzoea jaribio, hivyo tumia toleo mbadala la fomu kama lipo. Aliyebaki palepale baada ya kurudia mara kadhaa huenda naye amepoteza kidogo.

Kumwambia matokeo

Mwambie siku hiyohiyo, ana kwa ana, kwanza yeye. Anza na kilicho kizima: "Lugha yako iko vizuri, na kumbukumbu ya michoro iko vizuri. Kasi imepungua. Jibu unalo, ila linahitaji muda zaidi kufika." Nimeona watu wakilia kwa nafuu wanaposikia hivyo, maana kwa miaka walijiona wamekuwa wajinga. Akiruhusu, mwite mwenza wake umwambie maneno hayohayo mbele yake, kisha umpe kazi moja ya nyumbani: akiuliza swali, anyamaze mpaka jibu litoke, asimmalizie sentensi.

Tibu sonona. Punguza au badilisha dawa zinazolevya akili. Rekebisha usingizi. Mhimize mazoezi ya mwili kwa kiasi anachokiweza. Hakuna kidonge kilichothibitishwa kurudisha kumbukumbu katika MS, kwa hiyo mwokoe na wauza virutubisho. Mafunzo ya kumbukumbu yapo na baadhi yamefanyiwa majaribio mazuri, kama ya kumfundisha mtu kugeuza anachotaka kukumbuka kuwa picha na hadithi. Mwanasaikolojia anaweza kuyaendesha hata bila kompyuta.

Kwa maisha ya kila siku: kazi moja kwa wakati mmoja, redio ikiwa imezimwa. Daftari moja tu la mambo yote, lisiwe na wenzake. Kengele ya simu kwa dawa na miadi. Maagizo ya kazini yaandikwe, na mambo mazito yafanywe kabla ya saa tano asubuhi. Kama yuko kazini, mwandikie barua kwa ridhaa yake, inayotaja anachohitaji: chumba tulivu, muda zaidi, mapumziko mafupi. Asiyeridhia ugonjwa wake ujulikane, barua itaje mahitaji bila kutaja ugonjwa. Dereva wa gari la abiria au mwendesha bodaboda mwenye alama zilizoshuka asiachwe aondoke bila mazungumzo kuhusu barabara.

Mwenye kesi ya ajira, mwanafunzi anayekaribia mitihani mikubwa, au yeyote ambaye alama zake hazilingani na maisha yake, mpeleke kwa mwanasaikolojia wa kliniki kwa tathmini ndefu. Ile ya MACFIMS, kwa mfano, ina majaribio saba na huchukua kama dakika 90.

Kabla hajaondoka, andika kwenye faili: tarehe na saa, jina na toleo la fomu, lugha aliyohesabia, miwani alivaa au la, alama ghafi pamoja na makosa, PHQ-9, dawa zote na dozi zake, lini alipata shambulio la mwisho na steroidi ya mwisho, amelala vipi, nani alimpima. Alama ghafi isikosekane. Ukiandika "wastani" peke yake, atakayempima mwakani hatakuwa na namba ya kuanzia. Kisha panga miadi ya mwaka ujao, asubuhi, na umpe mgonjwa nakala ya karatasi hiyo aende nayo nyumbani.